Fonti ya herufi ndefu nyembamba za vibao na afishi: namna ya kuichora toka H ya kwanza mpaka bashi

Wandugu wa Goma na kwingineko, leo tuongee juu ya herufi ndefu nyembamba, zile za rula na kompasi, unaziona ku afishi za match, ku bashi (zile turubai za matangazo) za konsa, ku vibao vya butiki pale Birere ambako uso wa duka uko na mita 2 na nusu tu na mwenyewe anataka jina lote lisomwe na mtu aliye juu ya moto, yaani pikipiki. Mimi hizi herufi nazipenda sana, na naona hapa kwetu tunazitumia kila siku lakini wachache wanazichora, wengi tunachukua fonti yoyote pana tunaivuta na mouse mpaka iingie ku nafasi, basi. Huu mwongozo ni wa mtu anayetaka kuchora ya kwake, ata kama hajawahi kufungua programu ya fonti, na pia ni wa yule fundi wa vibao anayefanya kwa brashi, ju hesabu ni zile zile.

Jambo la kwanza, na kama utachukua moja tu chukua hili: herufi nyembamba haipatikani kwa kuminya herufi pana, inachorwa nyembamba toka mwanzo. Tazama H pana. Nguzo zake mbili ziko na unene wa 100, na ule mkono wa katikati nao 100. Iminye mpaka asilimia 60 ya upana wake. Urefu haujaguswa kwa hiyo mkono unabaki 100, lakini nguzo zimeshuka mpaka 60. Sasa mkono umekuwa mnene kuliko nguzo zinazoubeba, na O nayo imekuwa nene juu na chini, nyembamba ku pande. Kila mtu anaona kuna kitu hakiko sawa, ata yule ambaye hajawahi kuwaza juu ya herufi, ye atasema tu hii afishi ilifanywa haraka haraka. Nguzo za herufi nyembamba lazima zibaki na nguvu, na kinachopungua ni weupe wa ndani. Hapo njo kuna kazi yote.

Zimetoka wapi

Fupi tu, ju inasaidia kuelewa umbo. Mwaka 1927 kiwanda cha herufi cha Bauer, kule Frankfurt Ujerumani, kilitoa Futura ya Paul Renner. Ni herufi zilizojengwa juu ya duara, pembetatu na mstari ulionyooka, O yake ni karibu duara kamili. Sasa duara halina njia ya kuwa jembamba, ukilibana si duara tena. Wachoraji walipata jibu moja zuri: kata duara katikati, nusu moja iweke juu, nusu ingine chini, na kati yao ingiza kuta mbili zilizonyooka. Unapata umbo kama njia ya wakimbiaji inayozunguka uwanja wa mpira. Norma ya Wajerumani ya herufi za barabara na viwanda, DIN 1451, iko na toleo lake la kubana linaloitwa Engschrift, na ukiangalia O yake utaona umbo hilo hilo.

Kabla ya hapo, kule Marekani, Morris Fuller Benton alichora Alternate Gothic mwaka 1903 kwa kampuni ya American Type Founders. Aliichora kwa mapana matatu, na kila upana ulichorwa kivyake, hakuminya mmoja kupata mwingine. Ile nyembamba zaidi, namba 1, njo ilizaa League Gothic ambayo leo inapatikana bure. Na iko Bebas Neue ya Mjapani Ryoichi Tsunekawa, herufi kubwa tupu, hiyo umeshaiona mara nyingi ata kama hujui jina lake. Ongeza na Oswald ya Vernon Adams. Zipakue zote tatu, ziko ku Google Fonts, andika neno moja kwa kila moja kwa ukubwa sawa, uziweke moja chini ya ingine. Utaona kila mchoraji alikata wapi na akaacha weupe wapi, na hilo ni somo kuliko maneno yangu.

Vifaa

Karatasi ya miraba, penseli, rula, kompasi. Kisha laptop, ata ya zamani. Programu ninayoshauri ni FontForge, ni bure na haisumbui mashine dhaifu. Kuchora unaweza pia kuanzia ku Inkscape, programu ya kuchora, halafu ukahamisha. Glyphs ni nzuri sana lakini ni ya Mac tu na inalipiwa. Courant (umeme) inakatika unavyojua, kwa hiyo weka faili kila baada ya herufi moja, sio kila baada ya saa moja.

Hesabu ya mwanzo

Fungua fonti mpya, chagua gridi ya yuniti 1000, yaani vipimo vidogo vya programu; namba zote hapa chini ni yuniti hizo. Urefu wa herufi kubwa weka 700. Sasa kuna namba tatu za kuamua na zingine zote zinatoka humo: unene wa nguzo, weupe wa ndani, unene wa mkono. Mimi nakupa hizi za kuanzia, utazibadilisha ukishazoea: nguzo 96, weupe 128, mkono 86.

Mbona mkono ni 86 na sio 96 kama nguzo? Ju jicho letu linaona mstari uliolala kuwa mnene kuliko uliosimama, ata vikiwa sawa kabisa ku rula. Ukiacha 96 na 96, mkono utaonekana mzito. Punguza kama asilimia 10 na vitaonekana sawa. Herufi za rula na kompasi zinasemwa ni za hesabu, lakini kila mahali kuna sahihisho dogo la jicho, na yule anayekataa kusahihisha ju "hesabu imesema" anatoa fonti ngumu, isiyo na pumzi.

Chora H. Nguzo 96, weupe 128, nguzo 96, jumla upana 320. Mkono usiuweke katikati kabisa kwa 350, utaonekana umeshuka, upandishe kidogo: uanzie 317 uishie 403.

Chora O. Upana 320 pia. Sehemu ya mviringo lazima izidi mistari, juu ifike 710 na chini iende -10, ju duara likigusa mstari tu linaonekana dogo kuliko H jirani yake. Nusu duara ya nje iko na nusu kipenyo 160, kwa hiyo kituo chake cha juu kiko ku 550, na cha chini ku 150. Ndani, weupe ni 128 kwa upana, nusu yake 64, lakini usifanye nusu duara kamili ya 64, utapata unene wa 96 juu na tulisema tunataka 86. Pandisha dari la ndani mpaka 624. Vile mikono ya kurb, yaani vile vijiti vya programu vya kuvuta mpindo (sio mkono wa H): kwa duara la kweli unaweka urefu wa mkono kuwa nusu kipenyo mara 0.5523, yaani 160 inakupa 88. Ukitaka O yenye mabega, iliyosimama imara zaidi ku afishi, vuta mpaka 96. Mimi napenda mabega. Ku umbali, O yenye mabega haigeuki kuwa I nene.

Angalia pia pointi za mstari unaochora: weka juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa, na pale ukuta unapokutana na mviringo. Zingine ni za bure na zitaleta vibonge wakati mashine ya kukata vinili inapita. Na mstari wa ukingo wa ndani wa O uchorwe kuzunguka kinyume na ule wa nje, bila hivyo O yako itajaa nyeusi.

H na O zikishakuwa sawa, zichape HOHO HHOO OOHH ku karatasi, ubandike ukutani, urudi nyuma hatua kadhaa. Kama O inaonekana nyeusi kuliko H au nyepesi kuliko H, rudi urekebishe kabla ya kuendelea. Usikimbie hapa. Kosa la H na O utalirithisha herufi 24 zingine.

Kisha endelea kwa familia. I, L, E, F, T zinatoka ku H. E isiwe na 320, itaonekana pana ju imefunguka upande mmoja, ipe kama 270, F 260, L 250, T 290. D, U, J, P, B, R zinachanganya H na O. Tumbo la juu la B liwe dogo kidogo kuliko la chini. Mguu wa R mimi nausimamisha karibu wima, ju ndani ya upana wa 320 mguu wa mshazari hauna mahali pa kupita, unaishia kubanana na tumbo. C na G ni O iliyofunguliwa upande wa kulia, uwazi wa kama 220 unatosha, na mikato iwe imelala, sio ya mshazari. S itakusumbua, S inasumbua kila mtu, mgongo wake unahitaji kuwa mnene kidogo kuliko unavyodhani.

A, herufi ya kwetu

Hapa nataka tukae, ju miongozo mingi ya fonti imeandikwa na watu wanaoandika Kiingereza au Kijerumani na kwao A ni herufi moja kati ya zingine. Kwetu A iko kila mahali. Andika KARIBU, DAWA, KAHAWA, VYAKULA, TAHADHARI, SAFARI, MAMA. Kama A yako ni mbaya fonti yote ni mbaya, hakuna pa kuificha.

Upana wa 340, juu iwe imekatwa bapa kwa 120. Mstari wa nje wa kushoto utatoka 0 chini mpaka 110 juu. Unene wa mguu kwa mlalo weka 94. Sasa mkono wa A uende wapi? Mtu anafikiri aupange na mkono wa H, uanzie 317 mpaka 403. Fanya hesabu: pembetatu ya weupe itabaki na urefu wa 81 na upana wa 25 chini yake. Hiyo haionekani toka barabarani, ku brashi itazibwa na rangi, ku silkskrini (kuchapa kwa kupitisha wino ku kitambaa) itazibwa na wino. Shusha mkono, upunguze unene uwe 76, uanzie 130 uishie 206. Pembetatu sasa iko na urefu wa 278 na upana wa 87 chini. Ni herufi ile ile, upana ule ule, lakini sasa inapumua. A ya mkono ulioshuka njo sura ya fonti nyembamba nyingi nzuri, na sababu yake ni hii.

Kuna njia ingine, A ya kichwa cha mviringo, kama U iliyopinduliwa ikawekewa mkono. Ni ya kijiometri sana na inaondoa matatizo ya nafasi ambayo tutayaona hapa chini. Kwa jina fupi la klabu ya mpira inaweza kupendeza. Lakini andika nayo TAHADHARI au MAARUFU: A zinafanana na R, R zinafanana na A, na neno linageuka safu ya milango. Kwa Kiswahili mimi siiweki kuwa A ya kawaida, naiweka pembeni kama chaguo la pili ndani ya fonti.

M na W, na neno MWAMI

M iko na mistari minne. Mara 96 hiyo ni 384, tayari imepita upana wa H kabla hujaweka weupe wowote. Kwa hiyo M lazima iwe pana zaidi, kama 430, nguzo zake ushushe mpaka 92 na mishazari mpaka 80, na kilele cha katikati kishuke mpaka chini kabisa ku mstari ili weupe ugawanyike vizuri. W ipe 470. Pale mishazari inapokutana, kata kidogo kwa ndani, punguza unene, ju hapo njo rangi inajikusanya na kufanya doa jeusi.

Jaribu na neno MWAMI. Kwa herufi tano tu uko na M mbili, W na A, yaani karibu kila umbo zito la alfabeti yamesimama pamoja, halafu I moja nyembamba mwishoni. Kama MWAMI inasomeka bila sehemu moja kuonekana nyeusi kuliko ingine, M yako na W yako ziko sawa. Kisha MWALIMU, BWAWA, MUWA.

Nafasi, na kerningi ya Kiswahili

Nafasi ya pembeni: H ipe 36 kila upande, kwa hiyo kati ya H mbili kuna 72. Linganisha na weupe wa ndani ambao ni 128. Nafasi ya kati lazima iwe ndogo kuliko weupe wa ndani, lakini sio ndogo sana, ikishuka chini ya 50 neno linakuwa ukuta. O ipe 30, A, V na W 10, Y 8. Kwa bashi inayosomwa toka mbali sana ongeza 20 mpaka 40 kati ya herufi zote wakati wa kupanga, usibadilishe fonti yenyewe.

Sasa kerningi, yaani sahihisho la jozi moja moja. Orodha za jozi zinazozunguka mtandaoni zinaanza na AV, To, We, jozi za lugha zingine. Sisi jozi zetu ni WA, YA, TA, KA, FA, PA, VA na kinyume chake AW, AY, AT, AK, halafu zile za silabi zetu: KW, TW, MW, BW, NY, VY, FY. VYAKULA peke yake iko na mishazari mitatu mfululizo, V, Y, A, halafu K. Kama hujaigusa, kati ya V na Y kunakuwa kubana juu, kati ya Y na A kunakuwa shimo, na macho yanasoma VY AKULA.

Kitu ambacho wengi hawajui: ku herufi nyembamba kerningi ni ndogo kuliko ku herufi pana, ju mishazari imesimama zaidi na pembetatu ya weupe ni ndogo. Ukichukua namba za fonti pana, -80 au -100, herufi zitapandana. Anza na AW na WA -30, YA -40, TA -35, FA na PA -30, KA -8. VY usiipunguze, iongeze +10. Kisha chapa maneno ya kweli, sio jozi tupu: DAWA, KAWA, MAYAI, VYAKULA, KWAYA, PAZIA, TAFADHALI, FYEKA. Geuza karatasi juu chini na utazame tena, ukiacha kusoma maneno unaanza kuona mashimo.

Tarakimu, na alama za kwetu

Kibao cha kwetu bila namba ya simu sio kibao, kwa hiyo tarakimu zina kazi kubwa kuliko herufi zenyewe. Zote zipe upana mmoja ili namba mbili zikipangwa moja juu ya ingine zisimame ku mstari. Ogopa 3 na 8, ogopa 6 na 8, ogopa 1 na 7. 3 ifunguliwe wazi kushoto, ata ukataka unaweza kuipa kichwa bapa. 6 na 9 ziwe na mkia ulio mbali na tumbo. 1 iwe na bendera yake juu. 0 iwe nyembamba kidogo kuliko O. Na alama ya + usiisahau, kila namba ya kwetu iliyoandikwa kamili inaanza na +243, na + ya fonti nyingi imeshuka sana ukiiweka karibu na tarakimu, ipandishe mpaka katikati ya urefu wao. Ongeza alama ya dola, ju bei hapa inaandikwa kwa FC (faranga za Kongo) na kwa dola.

Kiswahili hakihitaji lafudhi, kinahitaji tu kituo cha juu cha NG' kama ku NG'OMBE, na kiwe kile cha kweli kilichopinda au kilichokatwa mshazari, kisiwe kile kimstari kilichonyooka cha kuandikia dakika. Lakini vibao vyetu vimeandikwa pia Kifaransa, ALIMENTATION GÉNÉRALE, DÉPÔT, BEAUTÉ, kwa hiyo chora É È Ê Ë À Â Ç Î Ï Ô Ù Û na Œ. Usimwambie kliyan (mteja) aandike bila lafudhi ju fonti yako haina. Lafudhi ya herufi nyembamba ichorwe imelala zaidi, urefu wa 110 na nafasi ya 40 kati yake na herufi. Kumbuka hiyo jumla, 150, tutaihitaji. Na kama uko na moyo ongeza Ɛ na Ɔ kwa wanaoandika Kilingala kamili.

Herufi ndogo? Kwa fonti ya kwanza ziache. Zinachukua muda sawa na yote tuliyofanya, na kazi ya hii fonti ni vichwa na majina. Bebas Neue imesambaa dunia nzima bila herufi ndogo.

Kuitumia

Mahali pake ni pale ambapo nafasi ni ya kusimama kuliko ya kulala, au pale neno ni refu na ubao ni mfupi. Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho. Mtu anauza kahawa, anataka kibao KAHAWA YA KIVU, ubao wake ni mita 2 na sentimita 40, wateja wanapita barabarani kama mita 30. Kanuni rahisi ya kazini: sentimita 1 ya urefu wa herufi kwa kila mita 1 ya umbali. Kwa hiyo herufi za sentimita 30. Ku fonti yetu, ukijumlisha upana wa herufi zote 12 na nafasi mbili kati ya maneno, inakuja karibu yuniti 4668. Urefu wa 700 ukiwa sentimita 30, hizo yuniti zinakuwa mita 2. Inabaki sentimita 20 kila upande, na hizo usizijaze na picha ya kikombe, ziache tupu, njo zinafanya jina lionekane. Kwa herufi nene pana ungehitaji karibu mita 3, au ungeshusha herufi mpaka mtu wa moto asiweze kusoma.

Mistari miwili au mitatu ya herufi kubwa inapendeza ikibanana. Lakini fanya hesabu: ukiweka hatua toka mstari mmoja mpaka mwingine asilimia 85 ya ile gridi ya 1000, yaani 850, ukatoa 700 za herufi, kati ya mistari kunabaki yuniti 150 tu, na lafudhi yetu juu ya É ni hizo 150 kamili, itagusa mstari wa juu. Kwa Kiswahili tupu 85 ni sawa. Ukiwa na Kifaransa panda mpaka 95 au 100.

Pale haifai: aya ndefu, maelezo ya dawa, masharti nyuma ya kadi, orodha ya viungo ku mfuko wa kawa. Chini ya ukubwa wa pointi 14 weupe wa ndani unapotea. Hapo chukua fonti ya kusoma, Barlow ya Jeremy Tribby kwa mfano, ni bure na iko na mapana matatu yanayoendana, jina la kahawa andika kwa fonti yako na uzito, asili na tarehe andika kwa hiyo.

Kwa mafundi wa brashi, umbo la nusu duara na ukuta ni zawadi, ju unahitaji kamba mbili za mlalo, kipande cha karatoni chenye upana wa weupe, na nusu duara moja iliyokatwa. Hiyo moja inakupa O, C, G, U, D, J na matumbo yote mawili ya B ukiipunguza. Ukipaka moja kwa moja juu ya ukuta wa mawe ya volkano, ule ukuta wetu mweusi wenye mashimo, usitumie 128 ya weupe, panda mpaka 150, ju kingo haziwezi kuwa safi na rangi itaingia ndani ya tumbo. Bora zaidi ni kulainisha kwanza sehemu ya kibao kwa simenti. Na kama unakata stensili, acha madaraja ya kushika matumbo ya A, O, D, P, R, B, na yaweke wima katikati, unene wa robo ya nguzo unatosha. Madaraja ya mshazari yanaharibu umbo lote.

Haki za fonti

Ukianza kwa kurekebisha fonti ya bure iliyo chini ya leseni ya SIL Open Font License, unaruhusiwa kuibadilisha na kuitumia ku kazi za kulipwa, lakini huwezi kuuza fonti yenyewe peke yake, toleo lako libaki chini ya leseni ile ile, na kama mwenye fonti amehifadhi jina, lako lazima liitwe jina lingine. Ukichora yako toka karatasi ni yako, unaamua mwenyewe. Mimi ningependa tuzitoe bure, ili mtu wa Bukavu au wa Uvira aongeze kile mimi sikuwaza.

Kupeleka ku imprimri (kwa wachapaji)

Toa fonti kwa muundo wa OTF, isakinishe, ijaribu ku programu mbili tofauti. Ukishapanga bashi, geuza maandishi yote kuwa vekta (maumbo ya mistari, sio herufi za fonti tena) kabla ya kutoa PDF, ju mashine ya imprimri haina fonti yako na itaibadilisha na ingine bila kukuuliza, na wewe utajua bashi ikishatoka. Weka kopi moja yenye maandishi yanayoweza kuhaririwa kwa ajili yako. Acha sentimita 5 kila upande kwa ajili ya matundu ya kamba. Nyekundu ku bashi ya nje inapauka haraka ku jua, kwa jina la duka chukua nyeusi juu ya njano au nyeupe juu ya bluu nzito. Kisha kabla ya kuruhusu wachape mita zote, omba kipande kidogo cha neno moja kwa ukubwa wa kweli, DAWA au KAWA inatosha, kitundike nje, vuka barabara, tazama kama pembetatu ya A bado iko wazi.